Mia ya baba mdogo

Jana konda kanirudishia chenji, sarafu ya mia, ile yenye swala upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Nimeishika mpaka nikapitilizwa kituo.

Ilinikumbusha kijana mmoja aliyekuja ofisini mara tatu, akitaka atambuliwe kuwa baba wa mtoto aliyezaa na binti nje ya ndoa. Alikuwa amejipeleka mwenyewe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupima vinasaba (DNA), akarudishwa: huko hupokelewi bila barua ya wanaoruhusiwa kuomba kipimo, kama mahakama, wakili, au sisi wa ustawi wa jamii. Sampuli moja wakati ule ilikuwa laki moja. Baba, mama na mtoto, laki tatu. Hakuwa nayo. Nikamwambia aliache hilo kwanza, aniletee kadi ya kliniki.

Siku ya kikao akaja na baba yake mdogo. Upande wa pili alikaa binti na mzee wake, kidevu juu ya fimbo. Salamu zilipokwisha, baba mdogo akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu ya mia, akaiweka mezani taratibu, Mwalimu akitazama dari.

"Sheria za mila za 1963 zimeandika mia. Sijazidisha, sijapunguza."

Na kweli zimeandika: anayetaka kumhalalisha mtoto aliyemzaa nje ya ndoa amlipe baba wa msichana shilingi mia. Kwa hela ya mwaka ule haukuwa mzaha. Mzee hakuigusa. Aliitazama kitambo, mdomo ukapinda.

"Umesoma nusu, ndugu yangu. Inalipwa kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Huyu wetu mwakani anaanza shule."

Na hilo nalo limeandikwa, palepale. Binti akaangua kicheko, kisha akajikaza.

Mengine yalikwenda haraka. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina habari na ziwa: ombi la kumtambua mzazi linapelekwa hata kabla ya kuzaliwa, hadi mtoto atimize miaka 18, na mzazi akifariki kuna miaka mitatu ya kulipeleka. Vinasaba ni ushahidi mmojawapo tu. Jina kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila, kumkiri mtoto hadharani, vyote vinapokelewa. Kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pa baba palipigwa kistari. Lakini kadi ya kliniki ilikuwa na jina la kijana, na simu yake ilijaa miamala ya maziwa na dawa.

Binti aliogopa kunyang'anywa mtoto. Nikamweleza kwamba kutambuliwa ubaba ni ombi moja, kukaa na mtoto ni jingine, na aliye chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kudhani mahali pake ni kwa mama. Hapo ndipo alipokubali kuzungumza mbele ya hakimu.

Kijana akatangazwa baba, akapewa Jumamosi mbili kwa mwezi. Baadaye nikasikia nyingine hatokei. Sijui mtoto tulimpatia baba, au baba tulimpatia karatasi.

Ile mia hakuichukua mtu. Ilikaa kwenye droo yangu mpaka nilipohamishwa, na siku ya makabidhiano sikujua niiandike kama nini.