Asumini haimsubiri mpiga picha

Naandika hapa kidole cha shahada kina matobo matatu ya sindano na mkono mzima bado unanuka rehani hata baada ya kufua. Harusi ilikuwa juzi Ijumaa. Jana nimelala kutwa, leo nimeamka nimekunywa chai na mkate wa kumimina nikasema ngoja niandike sasa hivi kabla sijasahau, maana mimi kazi yangu ni kupamba harusi kwa maua, na oda ijayo ikija nitajifanya mjuzi tena.

Bi harusi ni binti wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, nyumba ambayo bibi yake ana mti wa langilangi uani umepita paa la bati. Kaja kwangu na simu, picha kama arobaini hivi, zote waridi jeupe na majani ya kijivu yananing'inia, harusi za huko Ulaya. Mimi mtu simkatalii siku ya kwanza. Nikamwambia sawa mdogo wangu, ila unajua mwaka huu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, umeangukia masika? Akaniangalia kama nimemletea habari za kilimo.

Na kusema kweli ndo zilikuwa habari za kilimo. Huko nyuma nishawahi kula hasara ya waridi mpaka nikaumwa kichwa siku mbili, niliagiza maboksi kutoka bara, yakaja kwenye buti ya basi, jua kali, kufungua vichwa vyote vimeinama kama watoto waliochelewa shule. Waridi lile la kununua limezoea ubaridi tangu linakatwa, ukilitia kwenye joto letu hili njiani ama linafunguka lote kabla ya siku yake ama linagoma kunywa maji. Nilikesha nakata vikonyo upya na kuyatumbukiza kwenye ndoo, nusu yakaamka, nusu nikatupa, mteja hakujua kitu ila mfuko wangu ulijua.

Kwahiyo tukakaa mkekani na bibi mtu, tukapangana. Meupe makubwa yatoke Lushoto, ambako ni mkoa wetu huu huu ila ukishapanda zile kona za kutoka Mombo unaomba sweta. Kuna mama kule analima kabichi na karoti na pembeni ya mitaro yake ana yungiyungi nyeupe zile zenye umbo la faneli, hazijali sana safari mradi vikonyo viwe na maji. Vingine vyote tutoe hapa hapa mjini, kwenye nyua za watu. Rafiki wa bi harusi akadakia, kasoma mtandaoni eti kuna ua la Tanga liko kwenye madirisha ya Wazungu dunia nzima, kwanini tusiweke hilo. Ni kweli, ni kale kaua ka zambarau ka misitu ya Usambara, Mjerumani aliyekuwa mtawala hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyekapeleka kwao 1892. Lakini shoga yangu kakikonyo kenyewe kafupi kama kiberiti, kanakaa chini kwenye jiwe lenye kivuli, utakafunga kwenye buketi na nini? Kakae kwenye chungu chake.

Bogonvilia ndo ilinitoa jasho. Kipindi cha kaskazi kila ukuta Raskazone ni pinki na chungwa mpaka macho yanauma, mvua zikianza tu mti unarudi kwenye majani, unabaki unaokoteza tawi hapa tawi pale kwa watu ambao hata hawajakualika. Halafu ile rangi tunayoipenda si ua, ni majani tu yaliyojipaka rangi, ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Ukikata linasinyaa hapo hapo ukiliona. Nikitoka nalo huwa nalizamisha lote kwenye beseni, majani na kila kitu, saa nzima hivi, ndo linapata nguvu ya kufika usiku. Nilipata ya kutosha mlangoni tu. Basi.

Kwenye steji nilitaka urefu na sikutaka yale mastendi ya dhahabu ambayo kila ukumbi unayo. Nikakumbuka milingoti ya mkonge. Sisi wa Tanga tunaona mkonge kama kitu cha kamba na magunia, tangu yule Mjerumani Hindorf aulete 1893 tunausema kwa bei na tani, lakini mkonge nao unatoa maua jamani, mara moja tu maishani mwake, unarusha mlingoti juu mrefu kuliko nyumba halafu mmea wenyewe unakufa. Nikapata milingoti sita mikavu kwa jamaa mmoja wa njia ya Muheza, myepesi ajabu, mtu mmoja anabeba miwili begani kwenye baiskeli. Nikaisimamisha kwenye ndoo za mchanga, nikafunga yungiyungi na majani ya mikindu kwa kamba ya katani, hakuna ile sponji ya kijani inayobomoka na kujaa kucha. Mama mkwe akauliza "hizi fimbo mtazitoa saa ngapi?" Nikamwambia mama, hizi ndo pambo lenyewe. Akacheka kwa adabu. Nadhani hakupenda. Mimi nilizipenda sana.

Sasa asumini. Hapa ndo nilipofundishwa kazi na mtu ambaye hajawahi kujiita mpambaji.

Mimi nilipanga makoja yatungwe mchana, saa nane, ili saa kumi mpiga picha akute kila kitu tayari. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema "mwanangu, asumini ina saa yake, haina saa yako." Asumini inafunguka usiku. Unaichuma ikiwa bado imefumba, alasiri ikielekea jioni, zile zilizonenepa na kuwa nyeupe ila mdomo umefungwa, zile zenye ukijani uachie mti, ni za kesho. Ukichuma iliyofunguka ushachelewa, asubuhi yake inadondoka chini yenyewe na inaanza ukahawia. Na isiwe imenyeshewa, ikilowa tu harufu inakwenda. Mvua ilipiga mpaka saa saba mchana ile Ijumaa. Nilikuwa natembea uani naangalia juu kama mvuvi.

Ikakatika. Kufika saa tisa na nusu watoto sita wa jirani wako kwenye kichaka na vikapu, bibi kakaa kwenye kibao anawatoa makosa. Tukaanza kutunga, sindano ndefu ya bibi na uzi wa pamba uliolowekwa, unapita kwenye kikonyo si kwenye tumbo la ua, ukichoma tumbo linageuka rangi hapo hapo unaliona. Koja moja nilihesabu likala 180 na ushee na halijafika hata kitovuni. Tulikuwa watu saba. Anayesema maua ya nyumbani ni bure aje anilipe mgongo.

Mpiga picha alikuja saa kumi kamili, kijana wa watu, mstaarabu, akapiga. Kwenye picha makoja yanaonekana kama punje za mchele zilizofungwa kwenye uzi, bi harusi akaniangalia, macho yamejaa maji, na mimi nikajua anawaza zile picha arobaini. Sikuwa na la kumwambia. Nikajishughulisha na vikuba: langilangi za alfajiri, zile zilizokwisha kuwa njano maana ya kijani hainuki kitu, rehani, kipande cha mkadi, asumini mbili tatu, uzi, pini, kifuani kwa kila mwanamke anayeingia.

Kwenye saa mbili usiku hivi, wanawake wamejaa, feni zinazunguka, kuna kitu kikaanza. Hakuna aliyesema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya milingoti yangu nikaona tu kichwa kimoja kinageuka, cha pili, mama mmoja kafunga macho kabisa katikati ya maneno yake. Makoja yalikuwa yanafunguka shingoni kwa bi harusi, yote kwa pamoja, na joto la mwili wake ndo lilikuwa linayasukuma. Akainamisha kidevu akanusa. Mpiga picha wakati huo yuko nje anakula pilau.

Sina picha hata moja ya saa ile. Kwenye ukurasa wangu nimeweka zile za saa kumi, na mtu kashauliza mbona maua madogo.

Leo asubuhi bibi kapiga simu, nikadhani ananipa pole ya kazi, kumbe anatafuta sindano yake. Nimepekua mkoba, nimepekua kapu, nimeikuta kwenye mtandio wangu wa Ijumaa, imechomekwa pale pale kilipokuwa kikuba, na uzi wake.