Nairuzi ya Misri na nairuzi yetu

Jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Kibokoni, Mombasa, ni Mmisri wa Asyut, Mkristo wa Kikopti, fundi wa mitambo. Ikifika tarehe 11 Septemba hutubishia hodi na sahani ya tende na mapera. Kwao huliwa tende mbichi, nyekundu. Hapa hutumia kavu za Markiti. Wekundu wa ganda, asema, ni damu ya mashahidi wao, weupe wa ndani ni usafi wa nyoyo zao, na kokwa ni imani isiyovunjika. Ndiyo siku yao ya mwaka mpya, nao huiita Nairuzi. Mimi nimelelewa na babu aliyevua kwa hesabu ya nairuzi, kalenda ya jua ya sisi Waswahili, basi nikakaa kitako nisimuliwe.

Mwaka wao una miezi 13: 12 ya siku 30 kamili, kisha kimwezi cha siku 5 ambacho kila mwaka wa nne hupata siku ya 6. Hapo mwaka mpya husogea hadi 12 Septemba, kama 2023, na itakuwa hivyo tena 2027. Miaka huhesabiwa tangu 284, Diocletian alipokuwa kaisari wa Roma, kwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika utawala wake. Kwa hiyo 11 Septemba 2025 waliingia mwaka 1742.

Ile siku ya 6 ndiyo iliyonikamata. Kalenda ya Mafirauni, ambayo ndiyo asili ya hii yao, ilikuwa na siku 365 basi, na kila miaka minne ilikuwa ikiliacha jua kwa siku moja. Mwaka 238 kabla ya Kristo, enzi ya Ptolemaio wa Tatu, makuhani walikutana Canopus, mji wa Misri, wakaamua iongezwe siku. Watu hawakuifuata. Ilikuja kushika baadaye, Warumi walipoitawala Misri chini ya Augusto.

Nairuzi yetu Waswahili ina siku 365 vilevile, nayo haiongezwi kitu. Ndiyo maana Siku ya Mwaka, yaani siku yake ya kwanza, hurudi nyuma polepole. Makunduchi, Unguja, sasa mwaka huogwa mwezi wa Julai. Babu hakuhesabu kwa miezi bali kwa miongo, kumi kumi tangu Siku ya Mwaka. Kabla ya kuteremsha ngalawa angesema tuko mwongo wa ngapi, na kwa hesabu hiyo alijua kusi limefika wapi na kama bahari ya nje inaingilika. Manahodha wa Bahari ya Hindi wamesafiri kwa nairuzi karne nyingi. Ibn Majid, katika karne ya 15, alizipanga safari zake kwa siku hizo.

Kwa hiyo sikubali kwamba hesabu yetu imefifia kwa kukosa siku ya 6. Wazee walijua inateleza, wakairekebisha kichwani. Ya Wakopti imesimama kwa kuwa ina kazi kila siku: kanisani husomwa habari za watakatifu kwa tarehe yake, Krismasi ni 29 Kiyahk, yaani 7 Januari, na mkulima wa Misri, awe Mwislamu au Mkristo, bado asema baridi ya Tuba na pepo za Amshir. Bwawa la Aswan lilikamilika 1970 na mafuriko ya Nile yakakoma, lakini majina ya miezi yakabaki midomoni mwa wakulima. Yetu imebaki vifuani mwa wazee wachache, na kila tunapomzika mmoja tunazika na miongo yake. Jambo hili linaniuma sana.

Ami yangu, aliyekuwa nahodha, bado anayo. Jioni baada ya alasiri hukaa naye barazani, yeye akitaja, mimi nikiandika: mwongo gani kaskazi huanza kuvuma, upi mvua za masika hunyesha, upi jahazi zisitoke. Kuna mahali husita, na wenziwe wa kumkumbusha wamekwisha kutangulia. Kama kwenu Faza, Siyu au Vanga yuko mzee anayehesabu, muulize Siku ya Mwaka ya mwisho aliiweka tarehe gani, na baada ya miongo mingapi walianza kupanda mtama. Kisha niandikie, pamoja na jina la mji, kwa maana huenda hesabu zikahitilafiana, nami ningependa kuziweka zote.