Bili ya meno ya farasi mzee

Leo asubuhi hapa kazini Uingereza nimekuta karatasi mbili zimebandikwa kwenye ubao wa stoo ya chakula cha farasi. Ya kwanza paundi 75, kusugua meno ya farasi mmoja. Mmoja tu. Ya pili paundi 95, fundi wa viatu vya chuma, na huyo anarudi kila baada ya wiki sita hivi maana kwato zinaota kama kucha zetu. Nimesimama na ndoo mkononi nikaanza kugeuza kwa shilingi za Kenya, nikaachia njiani. Wenye watoto shule mnajua hiyo pesa inafika wapi.

Kilichoniuma sana ni hiyo ya meno. Jino langu la nyuma linanisumbua tangu baridi ianze, nimepigia kliniki zote za karibu na jibu ni lile lile, hatupokei wagonjwa wapya, jaribu private. Private wakanitajia bei nikasema asante nikakata simu. Sasa farasi wa miaka 11, aliyeshastaafishwa mbio kubwa, anafuatwa bandani na mtaalamu mwenye taa kichwani na tupa la stima, anafunguliwa mdomo, anasuguliwa taratibu, akimaliza anapewa karoti. Mimi nameza panadol nimeshika hatamu.

Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu ya familia. Kosa ni lao si langu, wakaanza. Binamu yangu akaandika farasi mzee wa kazi gani, si mumpige risasi mumalize, kwa hizo pesa mtu ananunua ng'ombe wa gredi. Mjomba wetu wa Kakamega naye akauliza kama huku nimesomea au nimepotea. Nimewajibu kwa kifupi pale, lakini nimeona niandike yote hapa kwa sababu hawa watu hawajui wanachokisema, na mimi hii kazi naijua tangu nikiwa kijana.

Kwa wasionifahamu, nyumbani nilikuwa saisi, mtunza farasi wa mbio. Waliokulia Nairobi upande wa Jamhuri na Ngong Road mnakumbuka zile Jumapili za mbio, farasi wanapita mnasikia vishindo kabla hamjawaona. Huko ndiko nilijifunza kushika mguu wa farasi nikajua kano ina joto au haina. Huku nimekuja kwa viza ya mke wangu, yeye ni nesi, na mimi nikapata kazi kwa mzee mmoja wa ng'ombe wa maziwa hapa Wiltshire, ambaye pembeni anafuga farasi watatu wa point-to-point. Alipoona navyomwendea farasi siku ya kwanza, sijui alionaje, akaniambia ng'ombe waachie wengine asubuhi, wewe njoo huku.

Hizi point-to-point si mbio za matajiri kama mnazoona Ascot kwenye televisheni watu na makofia. Zinafanyika mashambani, kuanzia Novemba hivi mpaka mwanzo wa kiangazi, zinaandaliwa na vilabu vya uwindaji vya wenyeji, na uwanja mwingine ni ardhi ya jeshi kabisa, mfano Larkhill pale Salisbury Plain, ukitoka hapo kidogo tu uko kwa yale mawe ya Stonehenge. Magari yanaegeshwa kwenye nyasi, watu wanafungua buti wanatoa chai na mikate, watoto wanashindana na poni kabla wakubwa hawajaanza, wenye kubetisha wamepanga mbao zao za bei. Mbio yenyewe kwa kawaida ni maili 3, karibu kilomita 5, na njiani kuna vizuizi kama 18 vya matawi ya birchi yaliyofungwa, kimo karibu mita 1.3, farasi anaviruka kwa kasi amebeba kilo 76 hivi mgongoni. Na wanaowapanda hawalipwi. Hakuna ada ya joki. Ni mkulima, ni mwalimu, ni mwanafunzi. Anayempanda farasi wetu ni binti wa mzee, nesi kama mke wangu, kuna Jumapili anatoka shifti ya usiku analala masaa mawili kwenye lori ndiyo anavaa kofia.

Mshindi anapata nini? Paundi mia chache. Ukitoa mafuta ya lori na hela ya kumwandikisha hujarudisha hata hizo bili mbili za ubaoni. Kwa hiyo binamu anaposema wazungu wamejaa pesa za kuchezea, huyu mzee anaamka saa kumi na moja kukamua, koti lake limeshonwa kiwiko, na jioni anakaa na kalamu anahesabu maziwa yamelipwa ngapi. Anaweka hela pale kwa sababu anawapenda hawa wanyama, basi.

Sasa huyu farasi. Jina lake la mbio ni refu silitaji, mimi namwita Mjomba na anageuza sikio. Alianza akiwa mdogo kwa mkufunzi wa kulipwa, akashinda mbio kadhaa, halafu akaumia kano ya mguu wa mbele. Akapumzishwa mwaka mzima, akarudi, spidi ikawa haipo tena ya kuwalipa wenyewe, akapelekwa mnadani. Mzee alimnunua bei ya boda mbili mpya. Ili mpime, kule Ireland wana point-to-point pia, ila wao wanaanzisha wadogo kusudi wawauze, na farasi mmoja anaitwa Jonbon alishinda huko mwaka 2020 akanunuliwa paundi 570,000. Huyo alikuwa anapanda ngazi, wetu alikuwa anashuka, na wote wanapita kwenye nyasi za aina moja.

Watu hudhani farasi aliyetoka mbio kubwa akija huku anaendelea tu. Hapana. Maisha yake yote alijua kutoka bandani na wenzake thelathini, kukimbia moja kwa moja, kurudi kuoga. Hajui kusimama peke yake. Hajui geti. Siku za kwanza Mjomba alikuwa anatokwa na jasho ukimfunga tu kamba, akiona ng'ombe wa mzee anasimama kwa miguu ya nyuma. Ilibidi nimtembeze kwa mkono barabarani, nimpitishe kwenye madimbwi, nimwache malishoni na poni mzee ajifunze kula nyasi kwa utulivu, maana wengi wao wanakuja na vidonda vya tumbo kutokana na nafaka nyingi na kukaa ndani. Ngozi yao ni nyembamba, kwato zao ni laini, ukikosea kiatu kimoja umepoteza mwezi. Kila asubuhi kabla ya chai nashika miguu yote minne kwa mkono mtupu, nikisikia joto kwenye ile kano ya zamani hatoki siku hiyo, ni maji baridi tu. Na hayo meno yenyewe, kwa kweli inabidi yasuguliwe, meno ya farasi hayaachi kuota na pembeni yanakuwa makali yanakata shavu, halafu lijamu ikivutwa anaumia, anarusha kichwa, na farasi anayerusha kichwa mbele ya kizuizi anamuua binti wa watu. Bili nimeilalamikia lakini hata ningekuwa mimi ningeilipa.

Hapo ndipo nawaambia vijana mnaojaza inbox yangu, sikilizeni. Kazi ya farasi Uingereza si njia rahisi ya viza, msidanganywe na wakala wa mjini anayetaka laki kadhaa akuandikie barua. Serikali ya huku ina orodha ya waajiri wenye leseni ya kuleta wafanyakazi, iko wazi mtandaoni, tafuta jina la kampuni hapo kabla hujauza shamba la mama. Na ile tozo ya ujuzi mwajiri anayotozwa kwa kukuleta, kisheria ni yake, ukiona anataka kukukata wewe, kimbia. Pili, huku Januari saa moja asubuhi bado giza, ndoo ya maji imeganda unaipasua kwa kisigino, matope mpaka kwenye magoti, malipo ni kima cha chini. Aliyezoea kusema Limuru kuna baridi ajipange.

Na heshima haiji kirahisi. Kuna uwanja mmoja nimefika na farasi nimemshika, kofia kichwani, mtu wa getini akaniuliza kama nimekuja kuokota takataka baada ya mbio, naye hakuwa anatania. Nilimwonyesha farasi. Akasema oh. Sikulala vizuri usiku ule. Kule nyumbani nako nilikofanya kazi tulikuwa tunalala na farasi, tunajua kikohozi cha kila mmoja, siku ya ushindi picha inapigwa ya mwenye farasi na joki na kikombe, saisi anaambiwa sogea kidogo. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia jina la saisi likitoka kwenye spika.

Ndiyo maana nataka mjue kilichotokea mwezi uliopita.

Hizi mbio zina zawadi ndogo kabla farasi hawajatoka uwanjani, wanazungushwa kwenye duara, hakimu anasimama katikati anaangalia nani ametunzwa na kuandaliwa vizuri zaidi, na zawadi ni ya anayemtunza. Si ya mwenye farasi. Usiku uliotangulia nilikuwa bandani mpaka saa nne nikimsuka Mjomba singa za shingo, fundo moja moja kwa sindano na uzi, kazi niliyojifunza kwa dada zangu wakisukana barazani. Asubuhi nikampiga brashi mpaka ngozi ikatoa picha, nikamchorea miraba matakoni kwa kitana chenye maji, nikapaka kwato mafuta, nikapanguza puani. Mimi mwenyewe nilivaa shati jeupe na tai ya harusi yangu. Tumezunguka, yule mama hakimu akamtazama, akamtazama tena, akaja akashika ile misuko kwa kidole. Kisha spika ikasema namba yetu, halafu ikasema jina langu. Majina yote mawili, la pili wamelipindapinda lakini ni langu. Watu wakapiga makofi. Mzee alikuwa ng'ambo ya kamba amevua kofia yake anaipunga. Bahasha ilikuwa na paundi 30, nikataka kumpa kwa adabu, akakataa akaniambia farasi ni wangu lakini hii umeifanya wewe.

Nilituma ile video kwa mama. Hakuuliza paundi ngapi, ameuliza farasi anakula nini.

Mbio yenyewe Mjomba alitoka wa tatu kati ya tisa. Maili ya kwanza walimwacha nyuma, vijana wana haraka, lakini hao farasi wazee wanajua kupima kizuizi, hakugusa hata kijiti. Wawili walianguka kwenye mteremko, nao waliinuka, nashukuru, maana si kila mara wanainuka, na mkiona zile pazia za kijani zinavutwa uwanjani mjue daktari wa mifugo yuko nyuma yake na hakuna habari njema. Hiyo nayo ni sehemu ya hii kazi na simfichi mtu. Anayesema ni ukatili ninamsikiliza. Ila nimemwona huyu farasi akiliona lori, masikio yanasimama, anajivuta mwenyewe kwenye ngazi.

Mzee alinipa hadithi ya farasi mwingine tukirudi. Pacha Du Polder, mwaka 2016 alipandwa kwenye mbio ya wapanda farasi wa ridhaa, wasiolipwa, katika uwanja mkubwa wa Cheltenham, na Victoria Pendleton, yule bingwa wa baiskeli wa Olimpiki, aliyekuwa amejifunza kupanda karibu mwaka mmoja tu, wakamaliza wa tano. Watu wakadhani hapo ndio mwisho wa farasi. Mwaka uliofuata akaishinda mbio ile ile, akiwa na miaka 10, na 2018 akaishinda tena akiwa na miaka 11, na binti aliyekuwa juu, Harriet Tucker, bega lilimtoka njiani akaendelea hivyo hivyo. Miaka 11. Umri wa Mjomba wangu, binamu.

Na wenzetu mlioko Oman na Dubai mnaosema haya ni mambo ya wazungu, hawa farasi wote wa mbio ukifuata baba wa baba wa baba unaishia kwa madume watatu walioletwa kutoka upande wa mashariki, mmoja alinunuliwa Aleppo akafika Uingereza mwaka 1704. Damu ni ya huko kwenu.

Kuhusu jino, mke wangu amepata kliniki ya mafunzo mjini ambako wanafunzi wanatibu chini ya daktari wao, nimejiandikisha, nasubiri. Jumapili ya wiki ijayo Mjomba ameandikishwa Barbury, uwanja mwingine wa hizi mbio. Mvua ikinyesha katikati ya wiki tunakwenda, ardhi ikibaki ngumu hivi nimeshamwambia mzee hatoki, ile kano haitaki ardhi ngumu, na amekubali.