Papai lenye korona: kipimo kiliulizwa nusu swali

Mei 2020 Rais Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na majibu kuwa zina korona. Wengi wakakata shauri: vipimo ni uongo. Kupeleka sampuli za kificho si kosa hata kidogo. Maabara makini hukaguliwa hivyohivyo. Kosa ni kuruka kutoka jibu moja hadi hukumu.

PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, huvizidisha maradufu kila mzunguko. Kwa mizunguko 40, kipande kimoja kinaweza, kwa hesabu, kupita trilioni. Kwa hiyo tone lisiloonekana, likiruka kutoka kichupa cha jirani, linatosha kumpa papai ugonjwa wa kwenye karatasi. Ndiyo maana kuchanganya kemikali, kutoa vinasaba na kuvizidisha hufanyika vyumba tofauti, pipeti (vifaa vya kunyonya matone) huvishwa ncha zenye kichujio, na meza hufutwa kwa jiki.

Cha kwanza kuomba ni matokeo ya kichupa cha maji matupu kilichopimwa pamoja na sampuli. Kikisoma chanya, majibu chanya ya kundi hilo hayaaminiki. Vipimo vingi hutafuta pia jeni ya binadamu, RNase P. Papai halina, virusi navyo visiposoma, jibu ni batili, si hasi. (Vipimo vinavyotumia kidhibiti cha kuongezwa, yaani vinasaba ambavyo maabara yenyewe huongeza kwenye kila sampuli badala ya kutafuta jeni ya binadamu, havitaligundua papai.)

Halafu uliza virusi vilianza kuonekana mzunguko wa ngapi. Chanya ya mzunguko wa 38 inanuka uchafuzi kuliko ya 20. Toa vinasaba upya kutoka sampuli ileile, nusu nyingine ipimwe maabara tofauti.