Nilisema Jon Snow hajaisha

Jamani, Juni 2015! Msimu wa tano wa tamthilia ya Game of Thrones unaisha, shujaa wetu Jon Snow kalala kwenye theluji, damu inamtoka. Kile kisu cha mwisho cha Olly, kijana aliyekuwa akimtumikia, kiliniuma kuliko vyote. Lakini kwamba ndiyo basi tena? Nilikataa katakata. Melisandre, kuhani wa kike wa mungu wa moto, alikuwa ameshafika Castle Black, ngome ya Jon, na msimu wa tatu tulimwona kuhani Thoros akimfufua mpiganaji Beric Dondarrion kwa jina la mungu yuleyule wa moto. Ushahidi gani zaidi? Wenzangu wao walichunguza nywele za Kit Harington, mwigizaji wa Jon, kwenye picha: kama hajanyoa, bado yumo. Mei 2016, sehemu ya pili ya msimu wa sita, akafumbua macho. Nililia kwa furaha.