Ukurasa unaojifungua upya wenyewe

Wenzangu wa steshenari, hili linawahusu. Jana hapa Mwenge dada mmoja alikuwa anajaza fomu ya kuomba kazi. Kafika maelezo marefu ya uzoefu wake, akahamia kichupo (tab) cha pili kutafuta namba ya cheti kwenye barua pepe. Aliporudi, ukurasa ukajifungua upya na kila alichoandika kimefutika. Niliumia naye, maana alikuwa ameandika vizuri sana.

Wengi hulaumu mtandao au virusi, lakini huenda ni memori. Kompyuta yetu ina RAM ya GB 4 tu. Chrome, kivinjari tunachotumia kufungulia tovuti, ikiona kichupo hakijaguswa kwa muda, inaweza kukitoa kwenye memori na kubakiza jina tu pale juu. Ukikibofya, inaupakua ukurasa upya kutoka intaneti, na bando linaliwa tena!

Fungua mipangilio ya Chrome, nenda sehemu ya Utendaji. Pale pa kuokoa memori unaweza kuzima kabisa, ila kwa mashine ndogo sishauri, itakuwa nzito. Bora uongeze anwani ya tovuti ya fomu kwenye orodha ya zile za kuachwa wazi daima. Edge, kivinjari kingine, nayo ina orodha kama hiyo, kwenye mpangilio wa kulaza vichupo.

Kwa simu ni ngumu zaidi, Android yenyewe ndiyo inayofunga kurasa memori ikibana. Maelezo marefu andikeni kwanza kwenye programu ya kuandikia, kisha mnakili na kubandika.