Muhuri Uliogongwa Upande

Leo Jumapili tulikuwa na wageni, na kama kawaida yangu, sahani zilipoondolewa na chai ikamiminwa, nikaanza ile hadithi ya mgomo wa 2022 huku Uingereza ulivyomtesa Mama uwanja wa ndege. Naisimulia vizuri, sijisifu. Nina mahali pa kushusha sauti na mahali pa kupiga paja. Wageni wakatikisa vichwa, wakavilaumu vyama vya wafanyakazi, mmoja akasema watu wa huku wamedekezwa.

Walipoondoka, binti yangu akaanza kukusanya vikombe. Mwaka ule alikuwa na miaka sita. Siku hizi anasikiliza kuliko ninavyotaka.

"Baba, si umesema Bibi alipita pale uhamiaji kwa dakika ishirini?"

"Ndiyo."

"Sasa mgomo ulimchelewesha wapi?"

Nikamwambia aangalie asivunje kikombe.

Desemba ile huku Uingereza watu waligoma kwa zamu, utadhani wamegawana siku. Reli tarehe 13, 14, 16 na 17. Wauguzi tarehe 15 na 20. Posta tarehe 9, 11, 14, 15, halafu 23 na 24. Mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 11.1 mwezi Oktoba, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 41, na mishahara ya watu ilikuwa imekaa palepale. Nilibandika kalenda jikoni nikaichora kwa kalamu za rangi: nyekundu treni, bluu posta, kijani mipaka. Mke wangu akasema inafanana na kadi ya kliniki.

Kijani ndiyo ilininyima usingizi. Maofisa wa kukagua pasi walitangaza kugoma kuanzia tarehe 23 hadi 26, wapumzike siku moja, kisha waendelee mpaka 31. Viwanja vya ndege vya Heathrow, Gatwick, Manchester, Birmingham, Cardiff, Glasgow, na bandari ya Newhaven. Mama alikuwa anatua Heathrow, London, tarehe 24. Tiketi tulishaikata Septemba, na kuibadilisha ilikuwa sawa na kununua nyingine.

Nikampigia kumwandaa.

"Unasema treni zimegoma? Zote kwa mpigo? Si waite mafundi."

"Hazijaharibika, Mama. Watu ndio wamegoma."

Kimya kidogo. "Ahaa." Kisha: "Na barua yangu je?"

Barua yake ilikuwa na cheti changu cha kuzaliwa. Aliituma kwa rejista katikati ya Novemba, ingawa binamu yangu alikuwa anasafiri kuja huku wiki ileile na angeibeba kwenye mkoba wake. Mama hatumi kitu mkononi kwa mtu wakati posta ipo. Alikaa dirishani pale posta ya kwetu miaka 31, kuanzia 1979, akastaafu na sugu kwenye kiganja kwa ajili ya mpini wa muhuri. Nilijaribu kumweleza kwamba posta ya huku ilibinafsishwa mwaka 2013, hata si ya serikali tena. Haikumwingia. "Posta ni posta," akasema.

Basi nikapiga hesabu zangu. Magazeti yalikuwa yanasema foleni za kutisha. Serikali yenyewe iliwaomba wasafiri wafikirie upya mipango yao, na wanajeshi waliletwa kukaa kwenye madirisha ya wagomaji. Pasi yetu ya Tanzania haipiti kwenye yale mageti ya mashine. Lazima uonane na mtu. Ndege inatua saa saba kasoro dakika kumi mchana. Foleni nikaipa muda wa saa nne. Hizo saa nne hakuna aliyenipa, nilizitoa kichwani mwangu. Kwa hiyo Mama atatoka saa kumi na moja. Treni za kurudi kwetu Leicester zilikuwa zinakatishwa mapema siku hiyo, maana mgomo mwingine wa reli ulikuwa unaanza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nikakata tiketi mbili za basi la saa mbili usiku. Nikajipangia kufika uwanjani saa tisa na nusu, niwe na muda wa kunywa kahawa kwa utulivu. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Njiani, treni ya chini ya ardhi ilipochomoza juu pale Barons Court, simu ikapata mtandao ikatetemeka. Namba nisiyoijua, imepiga mara mbili. Nikasema hawa watakuwa wale wauza bima, hata sikukuu hawapumziki. Nikairudisha mfukoni.

Ukumbi wa wanaowasili ulikuwa shwari. Nilitegemea makelele, watoto wanalia, watu wamelala sakafuni. Badala yake kulikuwa na mti wa Krismasi, madereva wachache wameshika vibao vya majina, na nafasi ya kutosha kucheza mpira. Nikafurahi: nimewahi. Nikaanza kutafuta mahali pa kahawa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kanga. Ilikuwa ya njano na nyeusi, imetandwa juu ya koti zito la kaka yangu, mikono ya koti imemzidi hata vidole havionekani. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, si kwenye kiti. Viti vilikuwepo, vitupu, hatua tano kutoka alipo. Alikaa juu ya sanduku kama watu wanavyokaa stendi ya mabasi wakiogopa wezi, mgongo umenyooka, mkoba mapajani, uso umeelekea mlango wa kuingilia kutoka nje, mlango ambao angetegemea nitokee. Mimi nilikuja kwa lifti, nyuma yake. Kwa hiyo nilimwona kabla hajaniona, na nikasimama.

Mkononi alikuwa na kipande cha daftari ambacho dada yangu alimwandikia namba yangu kwa tarakimu kubwa. Kilikuwa kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kinaanza kuachia katikati. Pembeni yake, sakafuni, kulikuwa na kikombe cha karatasi, chai imebaki robo. Mama mmoja mfanyakazi wa usafi, kizibao cha njano kinachong'aa, alikuwa anasukuma mashine yake taratibu, na kila akikaribia alimwinulia Mama nyusi, kama anauliza: bado? Mama alitikisa kichwa: bado. Niliyaona haya mara mbili. Mara ya pili ndipo nikajua ile namba niliyoiita ya wauza bima ilikuwa ya nani.

"Shikamoo, Mama."

Hakugeuka haraka. Aliinua kwanza mkono wa koti, akaangalia saa yake.

"Marahaba, mwanangu. Magharibi imeingia."

Saa yake ilikuwa bado ya nyumbani: saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Nikafungua mdomo kumwambia hapana Mama, huku ni saa kumi kasorobo alasiri tu, alasiri mbichi, ndipo nikatazama nje ya vioo. Desemba ya London. Jua lilikuwa linazama. Saa yake na giza la nje walikuwa wamekubaliana. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na saa nyingine.

"Umetoka saa ngapi ndani?"

"Ah, zamani. Hakukuwa na foleni. Dakika ishirini, hata sanduku lilikuwa halijafika." Akasimama, akajinyoosha magoti. "Yule dada kanipigia simu yako. Kaninunulia na chai. Nenda kamshukuru."

Nikaenda. Nilisema nini sikumbuki, nakumbuka yule mama alivyonitazama.

Baadaye nilisoma kwamba siku zile foleni Heathrow zilikwenda vizuri kuliko ilivyotabiriwa. Kama ningemfuata kwa wakati wa kawaida wa ndege, tungeweza kujaribu treni kabla hazijakatishwa. Badala yake tulikaa pale mpaka saa mbili usiku, tukila vitumbua alivyobeba kwenye kopo la maziwa ya unga. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia mbele ya wageni.

Ndani ya basi alinionyesha pasi.

"Ona huyu kijana alivyogonga."

Muhuri ulikuwa umelala upande. Nusu ya kushoto wino umejaa, ya kulia imefifia, tarehe inasomeka kwa kubahatisha.

"Mpole sana, kanitakia na sikukuu njema. Lakini si kazi yake. Muhuri unaushusha wima, unauegemeza kidogo, unauinua. Huyu kaugonga kama anaua mende."

"Watakuwa wale wanajeshi, Mama."

"Sijui ni nani. Mwenye dirisha hayupo, hilo nalijua."

Nikamuuliza kama wao waliwahi kugoma. Akacheka kwa puani.

"Sisi chama chetu cha wafanyakazi kilikuwa JUWATA, na JUWATA ni ya Chama, CCM yenyewe. Unamgomea nani?" Akalifuta dirisha ukungu kwa kanga. "Miaka ile ya themanini mshahara unaisha kabla ya tarehe kumi."

"Mkafanyaje?"

"Tukaenda kazini."

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama alikuwa anajisifu.

Barua ilifika wiki ya tatu ya Januari, mwenye barua akiwa mezani kwangu anakunywa uji. Mimi nilikuwa kazini. Mke wangu anasema Mama ndiye aliyefungua mlango, akatia sahihi kuipokea barua aliyoituma mwenyewe, kisha akamshika tarishi mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole na kazi, baba," na yule Mwingereza akajibu kitu kirefu ambacho hakuna aliyekielewa. Niliporudi bahasha ilikuwa mezani, haijafunguliwa, imegeuzwa ili muhuri uwe juu. Mduara mzima, tarehe wazi, jina la mji wetu herufi zote.

"Huyu," akasema, akiugusa kwa kidole, "nilimfundisha mimi."

Cheti chenyewe nilikuja kukikumbuka usiku.

Sasa binti yangu amemaliza vikombe, amekaa pale kwenye kochi, na swali lake bado liko pale nilipoliacha. Nimemwambia kwamba bila mgomo Baba asingechelewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini wewe hukugoma." Nikamwambia akalale. Akasema kesho ni likizo, na kwamba atamuuliza Bibi mwenyewe, na kabla sijasema Bibi atakuwa amelala, ameshabonyeza simu, ameweka spika, inaita.

"Haya, mjukuu wangu, niambie."

Nimekwenda jikoni kuviosha vikombe upya.